Mtoto mwenye upele si mtoto mchafu: tuache kuharibu ngozi tukidhani tunaiponya

Baraka, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini.



Katika vipindi vya afya, tukifungua simu, swali la ngozi halikosi. Mama anauliza kwa nini mtoto wake anajikuna usiku kucha. Baba anauliza kwa nini kichwa cha binti yake kimetokea mabaka yasiyo na nywele. Kijana anauliza pomadi gani itamwondolea madoa haraka. Na wengi wao, kabla ya kumaliza swali, wanaanza kujitetea: "Lakini sisi tunaoga."

Kwa nini mgonjwa ajitetee? Mwenye malaria hajitetei. Mwenye jino linalouma hajitetei. Lakini mwenye upele anajitetea, na aliyekimbia vita akiwa na watoto wenye upele anajitetea mara mbili: kwanza kwa ugonjwa, kisha kwa sababu anajua jirani anasema, "Hawa deplase ndio walituletea."

Maoni yangu ni haya. Hapa kwetu tunawaadhibu watoto kwa ugonjwa ambao si kosa lao. Kisha tunakwenda sokoni kununua ugonjwa wa pili tukidhani ni dawa. Mambo haya mawili yana mzizi mmoja: hatujaelezwa vizuri ngozi inavyofanya kazi. Kwa hiyo naomba mnivumilie kidogo, nianze na ngozi yenyewe, halafu nirudi kwa shule, soko na viongozi wetu.

Makasi yaliyo ndani ya ngozi

Ngozi ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni seli zilizofungwa moja kwa nyingine kwa kamba ndogo za protini, na katikati yake kuna mafuta yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Lakini ukuta huu haukai vilevile. Kila siku seli kuukuu za juu zinabanduka na mpya zinapanda kutoka chini. Safari ya seli moja kutoka chini hadi juu inachukua karibu mwezi mmoja.

Ili seli kuukuu ibanduke, kamba zake lazima zikatwe. Wanaofanya kazi ya kukata ni vimeng'enya vinavyoitwa proteazi, maana yake vitu vinavyokata protini. Tuviite makasi ya mwili. Bila makasi haya, ngozi ingerundikana na kuwa nene kama magamba. Lakini makasi bila mwenye kuyashika ni hatari katika nyumba yenye watoto. Kwa hiyo mwili umeweka pia walinzi, protini nyingine ambazo kazi yake ni kuyashika makasi yasikate kabla ya wakati wala mahali pasipotakiwa. Afya ya ngozi iko hapo, katika mizani kati ya makasi na walinzi wake.

Walinzi wakikosekana, tunaona matokeo. Kuna ugonjwa adimu unaoitwa Netherton, jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1958. Mtoto anazaliwa na ngozi nyekundu inayobanduka mwili mzima, na nywele zake zina vifundo kama pingili za mwanzi, zinakatika ovyo. Miaka mingi hakuna aliyejua sababu. Mwaka 2000 watafiti wakagundua kwamba watoto hao wanazaliwa bila mlinzi mmoja anayeitwa LEKTI. Mlinzi mmoja tu hayupo, na ukuta wote unabomoka. Ugonjwa huo ni wa nadra sana na siwatajii ili mwogope. Nautaja kwa sababu unatuonyesha kwamba ngozi inaweza kuharibika kabisa kwa mtoto anayeogeshwa kila siku na mama mwangalifu.

Nywele nazo zinategemea makasi hayo hayo. Kila unywele unatoka kwenye kifuko kidogo ndani ya ngozi, kama mche unaotoka katika shimo lake. Ukiwa bado chini, umevikwa ala, mfano wa hindi ndani ya maganda. Kabla ya kutokea nje, ala hiyo inabidi ikatwe na kuondolewa. Panya wa maabara waliozaliwa bila moja ya makasi hayo, linaloitwa katepsini L, wanapoteza manyoya yao mara kwa mara. Basi makasi yakizidi ni shida, na yakipungua pia ni shida.

Wageni wanaokuja na makasi yao

Sasa tuje kwenye upele, ule ambao wauguzi wetu wanauandika "gale" kwenye fishi ya mgonjwa. Unaletwa na kidudu kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona vizuri. Jike lake linachimba handaki ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Linachimba kwa njia gani? Kwa makasi yake lenyewe. Kidudu hiki kina proteazi zake zinazoyeyusha protini za ngozi yetu ili kipate kupita na kula.

Watafiti wa Australia wamegundua jambo la ajabu zaidi. Kidudu hiki kinatengeneza pia makasi butu, yenye umbo la proteazi lakini yasiyokata chochote. Kazi yake ni kuzuia sehemu ya ulinzi wa damu yetu. Ulinzi ukishazuiwa, bakteria nao wanapata njia. Ndiyo maana upele ulioachwa unageuka vidonda vyenye usaha, na bakteria wa vidonda hivyo wanaweza kuleta ugonjwa wa figo kwa mtoto. Anayesema upele ni jambo dogo hajaona uso wa mtoto uliovimba kwa sababu ya figo.

Hesabu nyingine inashangaza. Mtu wa kawaida mwenye upele anabeba vidudu 10 hadi 15 tu mwilini mwake. Si mamia. Mwasho unaomkosesha usingizi unatoka hasa kwa mwili wenyewe, unaopambana na kidudu, mayai yake na kinyesi chake. Na aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaanza kujikuna baada ya wiki 4 hadi 6. Maana yake ni kwamba familia inaweza kufika kwenye kijiji cha mapokezi leo, ikaonekana haina kitu, na mwasho ukaanza mwezi ujao. Au jamaa iliyowapokea ilikuwa nao tayari. Kusema nani kamletea nani ni kazi bure.

Upele hauji kwa kukosa kuoga. Unapita ngozi kwa ngozi, watu wakilala pamoja, wakibebana, wakigawana blanketi moja. Maji na sabuni havikiui kidudu kilicho ndani ya handaki. Unaingia hata kwenye nyumba za kutunza wazee kule Ulaya, ambako maji ya moto hayakatiki. Kinachouzidisha ni msongamano. Watu 12 wakilala katika chumba kimoja cha shule au cha kanisa kwa sababu risasi zimewatoa kijijini, upele utafika, hata kama kila mmoja wao anakwenda ziwani asubuhi na jioni. Aliyesababisha upele huo ni vita, si mama mwenye watoto.

Mgeni wa pili ni mapunye ya kichwa, yale mabaka ya duara yenye nywele zilizokatika. Haya yanaletwa na ukungu, na ukungu huo nao una proteazi zake, maalumu kwa kukata keratini, protini inayojenga unywele na kucha. Unaingia ndani ya kifuko cha unywele na kuula unywele kutoka huko. Kwa hiyo pomadi ya kupaka juu peke yake haiufikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa muda wa wiki 6 au zaidi, kwa kipimo cha munganga. Na kinyozi anayetumia mashine moja kwa watoto 20 bila kuisafisha anaupeleka ukungu huo nyumba kwa nyumba.

Mgeni wa tatu ni bakteria anayeitwa stafilokoki, yule wa majipu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha kwamba bakteria huyu anatoa proteazi inayogusa mishipa ya fahamu ya ngozi moja kwa moja na kuleta mwasho. Walikuwa wakiwachunguza panya, lakini somo lake linatuhusu: mtoto anayejikuna kidonda hana utukutu. Kuna kitu kinachokata mlango wa mshipa wake. Kumpiga mkono haitasaidia.

Ugonjwa tunaoununua sokoni

Sasa nageukia upande wetu sisi wakubwa.

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo. Wataalamu wanaupima kwa kipimo kinachoitwa pH, ambapo 7 ni maji safi, chini ya 7 ni uchachu, na juu ya 7 ni ukali wa magadi. Ngozi yetu iko karibu na 5. Sabuni ya kawaida ya kipande iko kati ya 9 na 10. Makasi ya ngozi niliyoyasema yanafanya kazi kwa kasi zaidi ngozi ikisogea upande wa magadi, na mafuta yanayoshika matofali nayo yanapungua. Mtu mzima mwenye ngozi nzima anaoga kwa sabuni, na baada ya saa chache ngozi inarudi katika hali yake. Lakini mtoto mwenye upele anayesuguliwa kwa sabuni ya kufulia mara 3 kwa siku, kwa jiwe au kwa kitambaa kigumu, "ili uchafu utoke", anabomolewa ukuta wake uliobaki. Anazidi kuwashwa, mama anazidi kusugua.

Naomba nieleweke. Sisemi sabuni ni mbaya. Tunaishi kando ya Tanganyika, eneo ambalo kolera haijawahi kutuacha kwa muda mrefu. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula kunaokoa maisha, na hakuna mtu aache kwa sababu yangu. Ninasema kuhusu kusugua mwili wa mtoto mgonjwa. Huyo aogeshwe taratibu, kwa sabuni kidogo, asuuzwe vizuri, akaushwe, apakwe mafuta.

Kwa mama zetu wanaotengeneza sabuni ya mawese, nawaheshimu sana. Wengi wanalea familia kwa kazi hiyo, na wengine walianza tena upya wakiwa deplase. Lakini soda kostiki ikizidi kipimo, au sabuni ya baridi iliyomwagwa juzi ikiuzwa leo, ukali wake unabaki. Sabuni hiyo inahitaji kukaa wiki 4 hadi 6 ikauke na kukomaa kabla ya kugusa mwili wa mtu. Chama kinachopima soda kwa mizani, si kwa kukadiria kwa jicho, kinalinda watoto wa wateja wake.

Jambo la mtoto mchanga linafaa hapa pia. Ngozi yake wakati wa kuzaliwa bado haijapata ule uchachu, inaupata polepole katika siku na wiki zinazofuata. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Bibi zetu wanaoharakisha kumsugua mtoto "atoke harufu" wanafanya kwa upendo, lakini wasubiri.

Kisha kuna pomadi. Meza nyingi za soko, Baraka na kwingineko, zina tubu ndogo zinazouzwa bila swali lolote. Nyingine zinanunuliwa kwa ajili ya weupe, nyingine kwa ajili ya mwasho, na mara nyingi ndani yake ni dawa ile ile: klobetasoli, mojawapo ya kortikoidi kali kuliko zote za kupaka. Munganga anaweza kuiandika kwa ugonjwa fulani, kwa siku chache, mahali padogo. Mama anayeipaka mtoto mwili mzima kwa sababu ya upele anaona mwasho umepungua kwa siku 2 au 3, anasema dawa imekubali. Lakini kidudu hakijafa. Kortikoidi imenyamazisha kengele tu, na mwizi yuko bado ndani ya nyumba, anazaa. Wakati huohuo dawa hiyo inapunguza mafuta ya ngozi na kamba zinazofunga seli, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, na kidonda kinachelewa kupona.

Pomadi za weupe zina mengine. Kuna zenye hidrokinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi ya samawati usoni, yasiyofutika. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990 baada ya kuona nyuso za watu wake. Kuna zenye zebaki, inayoharibu figo. Jirani zetu Rwanda walianza mwishoni mwa mwaka 2018 kupita dukani na kuziondoa. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tunapenda kusema mipaka imefunguka kwa biashara. Basi na mipaka ya kukagua ifunguke. Tubu iliyokataliwa upande mmoja wa ziwa isiwe bidhaa halali upande wetu.

Sahani nayo ni dawa ya ngozi

Wazee wa Kivu wanaujua ugonjwa wa bwaki, na wengi mnakumbuka jina la Comité Anti-Bwaki ya Bukavu. Mtoto anavimba miguu, nywele zinageuka nyekundu, zinakuwa laini na kung'oka bila maumivu, ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Unywele ni protini, na seli za ngozi zinajazwa protini. Mwili usiopata vifaa vya kujenga hauwezi kuziba kile ambacho makasi yanakata kila siku. Hata madini ya zinki, yanayopatikana katika samaki, nyama na maharagwe, ni lazima kwa ngozi kujijenga, na baadhi ya proteazi zenyewe haziwezi kufanya kazi bila hayo.

Familia iliyoacha shamba lake milimani haina maharagwe ya kuvuna. Ikibaki na bugali ya muhogo na sombe bila kitu kingine, ngozi za watoto zitasema kabla ya mtu mwingine kusema. Kijiko cha ndakala waliosagwa katika chakula cha mtoto, au karanga, kinafanya kazi ambayo hakuna pomadi inayoweza. Na mtoto aliyevimba miguu na kubadilika nywele asipelekwe kwa mwombezi kwanza. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Habari njema ni kwamba upele unatibika, na tumeona ukishindwa katika jamii nzima. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika visiwa vya Fiji, nchi ya bahari ya Pasifiki ambayo jina lake linakaribia sana la kwetu. Katika jamii moja walimpa kila mtu dawa ya ivermektini kwa wakati mmoja, mwenye upele na asiye nao. Kabla ya dawa, watu 32 kwa kila 100 walikuwa na upele. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamebaki 2 kwa kila 100. Katika jamii nyingine, walikotibiwa wagonjwa na jamaa zao tu kama kawaida, upele ulipungua nusu hivi, kutoka 37 hadi 19 kwa kila 100. Tofauti si aina ya watu wala usafi wao. Tofauti ni kutibu wote pamoja.

OMS iliuweka upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ivermektini ikaingia katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili yake. Shirika hilo linasema wakati wowote ule zaidi ya watu milioni 200 duniani wana upele. Kwa hiyo mama wa kambini, hauko peke yako na hujalaaniwa.

Nyumbani, mambo ya kufanya si mengi. Wote wanaolala pamoja watibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Dawa ya kupaka, iwe permetrini au benzili benzoati, ipakwe mwili mzima kuanzia shingoni, katikati ya vidole, kiunoni, makalioni na sehemu za siri, si pale panapowasha tu. Kwa watoto wadogo benzili benzoati inachanganywa na maji, na munganga ndiye anayejua kipimo. Matibabu yarudiwe kama alivyosema, kwa ivermektini kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 14. Vidonge hivyo havipewi mtoto asiyefika kilo 15 wala mama mjamzito. Na dawa ya sindano ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe.

Nguo na mablanketi yafuliwe na kuanikwa juani siku ile ile ya dawa. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko kwa siku 3, kwa kuwa kidudu kikitengwa na mwili wa mtu hakiishi zaidi ya hapo. Na jueni hili mapema: mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata baada ya vidudu vyote kufa. Wengi wanakimbilia tubu ya sokoni wakati huo huo, wakidhani dawa imeshindwa. Msikimbie. Rudini kwa munganga aangalie.

Ninachoomba, na kwa nani

Kwa wakuu wa zoni za afya za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge, na kwa mashirika yanayosaidia: msihesabu upele kama jambo la kungoja. Familia ikipokelewa mahali pa msongamano, dawa ya upele ije pamoja na turubai na sufuria, itolewe kwa deplase na kwa wenyeji waliowapokea siku moja. Ukitibu hema na kuacha nyumba ya jirani, baada ya miezi 2 mtarudi palepale, na chuki itakuwa imeongezeka. Ethiopia ilitoa ivermektini kwa watu wengi kwa pamoja katika eneo la Amhara baada ya ukame wa mwaka 2015. Si jambo lisilowezekana kwa nchi ya Afrika yenye shida zake.

Najua mtu atasema: watu wanakufa kwa risasi na kolera, wewe unaandika juu ya kujikuna. Ninamjibu kwamba mtoto asiyelala usiku hasomi mchana, na figo ikiharibika hairudi. Tena dawa yake ni kati ya dawa rahisi tulizo nazo. Kama hata hiyo inatushinda, tutaweza nini?

Kwa wakurugenzi wa shule: mtoto aliyepata dawa yake ya kwanza anaweza kurudi darasani siku inayofuata. Hakuna sababu ya kumfukuza kwa mwezi mzima, wala ya kumketisha peke yake nyuma kama mkoma wa zamani. Badala ya kumrudisha nyumbani na maneno, mpeni barua ya kwenda kituo cha afya, na mwuulize ana ndugu wangapi wanaolala naye. Msichana aliyefukuzwa kwa sababu ya mapunye, mwaka huu wa vita, anaweza asirudi shuleni tena.

Kwa wafanyabiashara: tubu isiyoonyesha kilichomo ndani, au inayoonyesha klobetasoli, si pomadi ya kumuuzia mama mwenye mtoto mgongoni. Kwa viongozi wa mji wa Baraka na wa teritwari: ukaguzi ufike kwenye meza na kwenye bandari, sio kwenye karatasi tu. Kwa wahamasishaji wa jamii, ninyi RECO mnaopita mlango kwa mlango: semeni habari ya kutibu nyumba nzima kwa kila lugha inayosemwa hapa, Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge, Kibuyu, Kirundi, Kiswahili. Kidudu hiki hakiulizi kabila la mtu kabla ya kuchimba.

Na kwako wewe uliyekimbia na watoto wako, unayesoma haya kwenye simu ya jirani au unayesomewa: ngozi ya mtoto wako inafanya kazi yake, imezidiwa tu. Omba dawa ya wote mnaolala pamoja, na ukiambiwa kwamba ni ya mmoja, uliza tena. Kuuliza hivyo ni haki yako, na wala huhitaji kuanza kwa kueleza kwamba mnaoga.